Takataka za nyuklia chini ya ardhi: sayansi inasema nini, na sisi wa inchi ya Shinkolobwe tunadai nini

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Lubumbashi



Leo hatukuitana juu ya kurani inayokatika wala juu ya maji ya bomba. Tunajua hayo ndiyo yanawachoma kila siku. Leo tunaomba muda kidogo juu ya jambo ambalo wengi wanalisikia ku redio tu: takataka za nyuklia, na juu ya nini wanasayansi wa inchi mbalimbali wanasema zizikwe chini sana ya ardhi.

Mutauliza: hiyo inatuangalia sisi namna gani? Inatuangalia sana. Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotengeneza mabomu ya kwanza ya atomu ilitoka hapa kwetu, Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kati yetu kuna waliosoma jeolojia, kuna waliosoma kemia, kuna waliosoma sheria, na mpaka leo tuko nyumbani na diploma zetu. Basi tulikaa pamoja, tukasoma, tukabishana. Tunawaletea tuliyoelewa.

Kwanza tuelewane: takataka gani?

Kinu cha nyuklia kinatumia uraniamu ili kuchemsha maji na kutoa kurani. Hakuna moto wala moshi ndani yake: kiini cha atomu kinapasuka, joto linatoka. Baada ya miaka michache yale mafuta ya uraniamu yanatolewa. Yanatoka na mionzi mikali kuliko vile yaliingia, na yanaendelea kuwa na joto kwa miaka mingi.

Ndani yake kuna vitu vinavyopoa haraka na vingine vinavyokawia. Sesiamu-137 inapungua nusu kila miaka 30. Plutoniamu-239 inapungua nusu kila miaka 24,000 hivi. Na radiamu-226, ile iliyo ndani ya mawe ya Shinkolobwe, inapungua nusu kila miaka 1,600. Rudisheni hesabu nyuma: miaka 1,600 iliyopita ufalme wa Waluba haukuwako bado, wala wa Walunda. Tunasema juu ya muda ambao hakuna serikali moja duniani iliyowahi kuuishi.

Juu ya nini wanasema chini?

Leo, karibu kila mahali, mafuta yaliyotumika yamewekwa juu ya ardhi: ndani ya mabwawa ya maji, kiisha ndani ya mapipa makubwa ya chuma na betoni. Namna hii inafanya kazi. Lakini inaomba mlinzi, inaomba pesa, inaomba serikali iliyosimama. Kila siku, miaka elfu na elfu.

Sasa sisi Wakongomani, nani atatufundisha maana ya mlinzi asiyelipwa? Mwaka 1959, kule Kinshasa, kwenye kilima cha chuo kikuu kilichoitwa Lovanium, waliwasha kinu cha nyuklia cha utafiti, cha kwanza katika Afrika nzima. Kiliitwa TRICO I. Mwaka 1972 kikafuata TRICO II. Katika miaka ya 1970 fito mbili za mafuta ya nyuklia ziliibwa pale. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998. Ya pili haijaonekana. Hakukuwa na vita pale kilimani, hakukuwa na bomu lililoanguka. Ilikuwa ni ulinzi tu uliolegea.

Basi hoja ya wanasayansi ni hii, na sisi tunaielewa haraka kuliko watu wengi: usiweke kitu cha miaka elfu makumi mikononi mwa ofisi. Ofisi zinafungwa, serikali zinaanguka, vita vinapita, karatasi zinaungua. Tafuta mahali ambapo kama watu wote wakisahau, kile kitu kitabaki palepale. Mwamba ulio mita mia kadhaa chini haungoji mshahara. Tayari mwaka 1957 Akademia ya Sayansi ya Marekani iliandika kwamba takataka hizi zingeweza kuzikwa katika tabaka za chumvi chini ya ardhi. Toka pale utafiti haukusimama.

Walichunguza namna gani?

Hapa ndipo tunaomba musikilize vizuri, maana wengi wanafikiri ni kuchimba shimo, kutupa, na kufunika. Hapana.

Tuanze na Ubelgiji, inchi tunayojuana nayo. Katika mji wa Mol, mwaka 1980, walianza kujenga labo ndani ya ardhi, mita 225 chini, katikati ya udongo mzito ambao umekaa pale miaka milioni 30 hivi. Wanaiita HADES. Ni udongo wa aina ya kufinyanga. Kila mama anayefinyanga vyungu anajua tabia yake: ukilowana unavimba, unajifunga, maji hayapiti ovyo. Wanasayansi walitaka kujua hayapiti kiasi gani. Mwaka 1988 waliingiza ndani ya udongo maji yaliyotiwa alama ya tritiamu, wakakaa wanapima yanatembea namna gani, mwaka kwa mwaka. Ndani ya udongo ule maji hayatiririki kama mto. Chembe zinajipenyeza polepole sana, na vitu vingi vyenye mionzi vinashikwa na udongo wenyewe.

Kisha wakauliza: na joto je? Takataka hizi ni za moto, udongo usije ukapasuka. Basi Novemba 2014 waliwasha mitambo ya kupasha joto ndani ya njia ya chini, wakalenga digrii 80, kwa mpango wa miaka 10. Miaka 10, wandugu, kwa swali moja. Na mpaka walipokubali rasmi, mwaka 2022, kwamba njia ya inchi yao itakuwa kuzika chini ya ardhi, walikuwa hawajachagua mahali. Zaidi ya miaka 40 ya utafiti, na mahali bado.

Finland walichagua mwamba mgumu. Mahali panaitwa Onkalo, kwenye kisiwa cha Olkiluoto. Walianza kuchimba mwaka 2004, wakapata ruhusa ya kujenga mwaka 2015. Kule, zaidi ya mita 400 chini, ndani ya mwamba wa karibu miaka bilioni 2, mafuta yaliyotumika yanapangwa kuwekwa ndani ya chuma, na chuma ndani ya koti la shaba la sentimita 5. Shaba, ndiyo, ile yetu. Sisi watu wa Katanga tunajua shaba inakaa: ile misalaba midogo ya shaba ya wazee wetu, iliyozikwa makaburini kule Upemba, ilitolewa baada ya karne nyingi ikiwa ingali misalaba. Kuzunguka koti la shaba wanajaza bentonaiti, udongo unaovimba ukipata maji. Kwa hiyo kuna kizuizi ndani ya kizuizi: kimoja kikishindwa, kingine kiko.

Lakini miaka 40 ya labo ni nini mbele ya miaka 24,000? Swali hilo lina haki. Wanasayansi wenyewe walijiuliza, na jibu moja lilitoka hapa Afrika, kwa jirani zetu wa Gabon.

Mwaka 1972 Wafaransa waliokuwa wanapima uraniamu ya Oklo waliona hesabu haitoshi. Uraniamu ya kila mahali duniani ina sehemu 0.720 kwa mia ya uraniamu-235. Ile ya Oklo ilikuwa na 0.717. Kidogo tu, lakini katika mambo ya nyuklia hakuna kidogo, maana ingeweza kuwa wizi. Walipofuata, wakakuta kwamba karibu miaka bilioni 2 iliyopita ardhi yenyewe iliwasha kinu cha nyuklia. Uraniamu ilikuwa nyingi pamoja, maji yakapita, atomu zikaanza kupasuka, bila mtu, bila mashine. Kinu kile kilitoa takataka sawa na za leo, na plutoniamu ndani yake. Na plutoniamu ile haikusafiri mbali: ilibaki mpaka ikaisha yenyewe, karibu na pale ilipozaliwa. Hakuna aliyeilinda. Ni mawe na udongo vilivyoilinda.

Mfano mwingine uko Canada, Cigar Lake. Uraniamu nyingi sana imelala zaidi ya mita 400 chini kwa zaidi ya miaka bilioni moja, imefunikwa na udongo, na juu ya ardhi hakukuwa na alama ya mionzi ya kuonyesha kwamba iko.

Hiyo ndiyo nguvu ya utafiti huu. Labo, hesabu, na ardhi yenyewe vinasema kitu kimoja: mahali palipochaguliwa vizuri, chini sana, panashika.

Sasa, palipochaguliwa vizuri

Wandugu, neno hili tusilipite. Sayansi haikusema shimo lolote. Na sisi tunaoishi katika inchi iliyojaa mashimo, tunapaswa kulishika kabisa.

Ujerumani kuna mgodi wa zamani wa chumvi unaitwa Asse. Kampuni za chumvi zilichimba, zikaondoka, shimo likabaki. Watu wakasema: kwa nini kupoteza shimo? Toka 1967 mpaka 1978 waliweka mule mapipa karibu 126,000 ya takataka za mionzi. Lakini mgodi uliochimbwa ili kutoa chumvi haukuchimbwa ili kuhifadhi. Kuta zilikuwa nyembamba, mwamba ukasogea, maji yakaanza kuingia. Mwaka 2013 bunge lao lilipitisha sheria kwamba mapipa yatolewe tena. Kazi hiyo ni ngumu na ni ya gharama kubwa, na watakaoibeba ni watoto wa wale waliofurahia shimo la bure.

Marekani pia, kule New Mexico, kuna hifadhi ya takataka za jeshi ndani ya chumvi, mita 655 chini, iliyofunguliwa 1999. Mwaka 2014 pipa moja lilipasuka, kwa sababu mtu alichanganya ndani yake kitu cha kunyonya maji kisichofaa. Hifadhi ilifungwa karibu miaka 3. Chumvi haikukosa. Ni watu waliofungasha vibaya.

Na hata ile shaba ina mabishano. Huko Sweden watafiti wengine walisema shaba inaweza kuoza hata mahali pasipo hewa. Mahakama ya mazingira, mwaka 2018, ikasema swali hilo lijibiwe kwanza. Kampuni ikaleta majibu mengine, na serikali ikakubali mradi mwaka 2022. Sisi hatuoni aibu ya sayansi pale. Hivyo ndivyo sayansi inafaa kufanya kazi: mtu anauliza mbele ya watu wote, na mwenye mradi analazimika kujibu.

Kwa hiyo, siku mtu yeyote atakapokuja kuambia kijiji chochote cha Kongo, "Munayo migodi mitupu, tuwaletee kazi, tuwawekee mapipa," mutakuwa na jibu. Mgodi mtupu siyo stoo. Afrika tulishaona. Mwaka 1988, huko Koko, Nigeria, mapipa ya sumu kutoka Italia yalikutwa yamerundikwa katika uwanja wa mtu aliyekodishwa kwa pesa kidogo. Ni mambo kama hayo yaliyofanya inchi za Afrika ziandike Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, unaokataza kuingiza takataka za hatari katika bara letu, na zile za mionzi zimetajwa ndani yake.

Nani aliulizwa?

Kuna jambo la pili ambalo labo haiwezi kulijibu. Mwamba unaweza kuwa mzuri na watu wakakataa.

Ujerumani, mwaka 1977, viongozi walitaja Gorleben kuwa mahali pa kuzika takataka. Watu wa pale waliona wamepangiwa mambo mezani bila wao. Waliandamana miaka kwa miaka, wakulima na matrekta yao, vijana, wazee. Mwaka 2020 Gorleben ikatolewa katika orodha, tena kwa sababu za jeolojia. Miaka 43 ilipita hivyo.

Finland walianza kwa mlango mwingine. Sheria yao inaipa komini haki ya kukataa, na ikikataa, serikali haiwezi kulazimisha. Januari 2000 baraza la komini ya Eurajoki lilipiga kura: 20 walikubali, 7 walikataa. Mwaka 2001 bunge likafuata. Mtu anaweza kusema komini ile ilikuwa tayari na vinu na ilizoea pesa zake. Ni kweli. Lakini iliulizwa, na "hapana" yake ingekuwa na nguvu. Sisi ni mara ngapi tumeulizwa hivyo, hata juu ya barabara inayopita mbele ya nyumba?

Na sisi je?

Turudi nyumbani. Toka miaka ya 1920 mawe ya Shinkolobwe yalipanda mashua kwenda Olen, Ubelgiji, ambako Union Minière ilitoa radiamu. Mabaki ya kiwanda kile mpaka leo yamefunikwa pale Olen, yanalindwa, yanapimwa, yana idara inayoyaangalia. Mabaki mengine ya mawe yetu yalikaa ndani ya silo za betoni kule Fernald, Ohio, mpaka Wamarekani wakayatoa na kuyapeleka Texas katika miaka ya 2000. Huko, jiwe la Kongo lina faili. Lina namba, lina bajeti, lina injinia.

Na pale lilipotoka? Mwaka 2004 serikali ilifunga Shinkolobwe kwa dekreti. Lakini wachimbaji walikuwa wangali mule wakitafuta kobalti, na Julai ya mwaka uleule mgodi ukaporomoka, watu wakafa. Mwisho wa 2004 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja kupima. Walisema hatari ya kuporomoka ni kubwa, na mionzi nayo inaweza kumdhuru anayechimba mule siku kwa siku.

Tusichanganye mambo. Mabaki ya mgodi siyo sawa na mafuta ya kinu. Hatudai mchanga wa Shinkolobwe upelekwe mita 400 chini. Sayansi haiombi hiyo. Kwa mabaki ya mgodi inaomba vitu vya kawaida zaidi: kufunika, kuongoza maji ya mvua yasiyabebe, kupima visima na mito, kuweka watu mbali, na kuwapa njia nyingine ya kula. Mtu mwenye njaa haogopi kitu asichokiona. Alama ya hatari iliyopigwa ku mti haiwezi kushinda njaa.

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Kwanza, vipimo vyote vya mionzi na vya maji vilivyofanywa Shinkolobwe na pembeni yake vitangazwe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, watu wa Likasi wavisome.

Pili, serikali iseme waziwazi kilichobaki katika vinu vya Kinshasa: ni kiasi gani, kiko katika hali gani, kinalindwa na nani, na mpango wake wa mwisho ni upi.

Tatu, Mkataba wa Bamako usibaki karatasi. Mkataba wowote unaogusa takataka za mionzi au migodi ya uraniamu usisainiwe gizani, na wakaaji waulizwe kabla, wakiwa na haki ya kusema hapana.

Nne, vijana wetu wafundishwe kazi hii. Inchi iliyotoa uraniamu ile haiwezi kukosa watu wa kupima mionzi yake. Wanajeolojia tuko nao, wamekaa mitaani wanauza kredi za simu. Ubelgiji, ambayo labo yake ya Mol inasoma udongo kwa miaka 40, iko na deni la kufungua milango yake kwa wanafunzi wa Kongo. Hiyo siyo sadaka.

Ku upande wetu, tuache pia uvumi. Mionzi siyo uchawi, wala siyo siri ya wazungu. Inapimwa na mashine, na mashine ile kijana wa Kongo anaweza kuishika. Anayesambaza video za kutisha bila kipimo anawasaidia wale wanaotaka tukae gizani.

Wiki zinazokuja tutaandika barua kwa gavana na kwa wizara ya utafiti wa sayansi, na maswali haya ndani yake, moja kwa moja. Tutaitangaza hapa pamoja na tarehe iliyopokelewa. Anayesoma sheria atusaidie kuiandika. Anayesoma fizikia aisahihishe. Na wewe usiyesoma kokote, uliye na ndugu aliyechimba Shinkolobwe, njoo utuambie anavyoendelea, maana hiyo pia ni sehemu ya faili ambayo hakuna aliyeifungua.